Manamba: Watu wa Buha Waliopewa Namba

Enzi za Mwingereza, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, palikuwa na watu walioitwa manamba. Manamba alikuwa mgeni aliyeletwa kwa mkataba kutoka nchi ya mbali. Alilala kambini, alipewa posho, na kazi yake kubwa ilikuwa kukata mkonge. Walitoka pande nyingi za Tanganyika, na hata Burundi na Rwanda, lakini wengi walitoka nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha iitwayo Buha.

Jina hilo lina asili ya Kiingereza. Waingereza wenyewe walilipata neno lao la kuhesabia kwa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Huku kwetu likaingia na makarani, reli na bandari, likawa namba. Kisha likatokea jambo ambalo Kilatini wala Kifaransa hakikulijua: watu wa mashambani wakaliongezea ma-, na namba ikageuka kuwa binadamu. Kibarua wa mkataba alipoandikishwa alipewa namba yake, na tangu hapo orodha za shamba zilimjua kwa namba hiyo. Jina alilopewa na baba yake lilibaki nyumbani.

Leo vijana wengi hawalijui neno hili kwa maana yake ya zamani. Jijini Nairobi manamba ni utingo wa matatu, anayepakia abiria na kudai nauli. Maana ya kwanza inazeeka pamoja na waliobebeshwa jina hilo. Naandika kuhusu neno hili kwa sababu limebeba historia ambayo Tanzania haijaisimulia vya kutosha: jinsi nchi yenye mvua, rutuba na falme zake ilivyogeuzwa, kwa maamuzi yaliyofanywa ofisini, kuwa ghala la nguvu za watu.

Nchi iliyojitosheleza

Buha imekaa kati ya Ziwa Tanganyika na mto Malagarasi, ambao huizunguka kwa mbali kabla ya kumwaga maji ziwani. Kaskazini na magharibi inapakana na Burundi, na lugha ya Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Kabla ya wakoloni palikuwa na falme kadhaa: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, na nyingine kama Luguru na zile za milima ya Manyovu. Kila moja ilitawaliwa na mwami. Chini ya mwami, na kwa namna fulani kabla yake, walikuwapo wateko, wenye mamlaka ya kiibada juu ya ardhi, ambao bila wao shamba jipya halikufunguliwa kwa amani.

Watu walilima mtama, ulezi, maharage na migomba. Ng'ombe walikuwa mali na heshima: mtu aliweza kupewa ng'ombe na mkubwa, naye akawa chini ya ulinzi wake kwa utumishi na utii. Wafua chuma walitengeneza majembe, chumvi ilipatikana katika chemchemi za Uvinza, na misitu ya miombo ilitoa asali na nta.

Nguvu ya nchi hii ilionekana wazi kwa wasafiri. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipopita ukingo wa kusini wa Buha akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, alikuta kila mtawala akidai hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa kwa doti za vitambaa. Stanley alilipa, akadaiwa tena mbele kidogo, mpaka akaamua kuwatorosha watu wake usiku kwa njia za porini. Wakati ule, katika nchi hiyo, aliyehesabu alikuwa Mha, na aliyehesabiwa mali yake alikuwa mgeni.

Miaka sitini baadaye mambo yalikuwa yamepinduka.

Kodi yaja, reli yafuata

Mapigo yalianza katika miaka ya 1890. Sotoka ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Funza nao, walioingia barani kupitia pwani ya magharibi na kuvuka Kongo, wakawafikia watu wa maziwa na kuwalemaza wengi miguu. Nchi iliyokuwa ikijitegemea kwa mifugo ilidhoofika wakati ule ule Wajerumani walipokuwa wakiingia.

Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19. Kodi ilitakiwa kulipwa, na kadiri miaka ilivyopita ilidaiwa kwa fedha taslimu. Jembe, chumvi na mbuzi havikutosha tena. Hapo ndipo fedha ilipoacha kuwa kitu cha kutafuta kwa hiari na kuwa deni ambalo kila mwanamume alizaliwa nalo.

Mwanzoni mwa 1914 reli kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250, ilifika Kigoma. Miezi michache baadaye vita vilizuka. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916 na kukaa hadi 1921, walipowakabidhi Waingereza. Waingereza wakarithi mambo mawili yaliyofaa kuunganishwa: upande mmoja watu waliodaiwa kodi bila kuwa na zao la kuuza, na upande wa pili njia ya chuma inayoelekea pwani. Msemo wa leo husema Kigoma ni mwisho wa reli. Kwa mashamba ya mkonge ulikuwa mwanzo wa reli, mahali ambapo kazi ilipakiwa.

Mmea kutoka Florida

Mkonge haukuwa mmea wa Afrika Mashariki. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na ilipofika karibu na Pangani ni 62 tu iliyokuwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyoenea Tanga, Korogwe, bonde la Pangani, na baadaye Morogoro na Lindi.

Mkonge huvumilia ukame, lakini unataka watu wengi. Jani lake lina mwiba mgumu kwenye ncha, na maji yake huwasha ngozi. Hukatwa kwa mkono, hufungwa mafungu, hubebwa hadi kwenye toroli na kupelekwa kwenye mashine ya kukamua, ambayo wafanyakazi waliiita korona. Hutoka singa, ambazo huanikwa, hupigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kazi zote hizo, iliyochosha na kukimbiwa zaidi ilikuwa ya kukata.

Wenyeji wa Tanga, Wabondei, Wadigo na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na masoko ya karibu. Wengi waliona heri kuwauzia walio kambini muhogo na mahindi kuliko kukata mkonge wenyewe. Waajiri wakategemea Wanyamwezi na Wasukuma, lakini hao nao, pamba ilipostawi Usukuma, walipata njia ya kulipa kodi wakiwa nyumbani. Kila palipotokea zao la biashara, vibarua walipungua. Waajiri walilielewa hilo vizuri, na wakuu wa serikali pia.

Ndiyo maana macho yalielekezwa Buha, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Ufukara wa fedha wa Kasulu na Kibondo ulitengenezwa. Ardhi ilikuwepo, mvua ilikuwepo, na majirani wa Bukoba walikuwa wakiuza kahawa. Lakini kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliitazama nchi hii kama mahali pa kuchota watu. Zao la biashara halikuhimizwa kwa bidii, na mtu mwenye kodi ya kulipa alibaki na nta yake, asali yake, au mikono yake. Baadhi walitembea kwa miguu kwenda kaskazini, hadi mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Wengine wakaelekea kwenye reli.

Mwaka 1926 iliundwa Idara ya Kazi chini ya Granville Orde-Browne, ambaye alifuatilia njia za wasafiri na kuhimiza zijengwe kambi za kupumzikia, chakula na matibabu. Alikuwa ofisa aliyejali afya ya vibarua. Hata hivyo idara yake ilisimamia safari yenyewe, na sababu iliyowatoa watu makwao haikuguswa.

Malale na makazi mapya

Kisha yakaja malale. Ugonjwa huu unaoenezwa na mbung'o ulienea katika misitu ya Buha, na kuanzia 1933 serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka vitongoji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Hoja ya kitabibu ilikuwa na uzito: watu wengi wakikaa pamoja hufyeka pori, na mbung'o hukosa kivuli. Wengi waliokolewa.

Gharama yake nayo ilikuwa kubwa. Familia ziliacha makaburi ya wazee, mizinga ya nyuki, na mashamba ambayo mteko alikuwa ameyabariki. Pori likamea juu ya mahame, na wanyama na mbung'o wakatawala palipokuwa na vijiji. Katika makazi mapya, nyumba zilipangwa karibu na barabara, na wakaazi wakawa rahisi kuhesabiwa kwa kodi na kufikiwa na mwandikishaji wa vibarua. Kuhesabiwa kulianza kabla ya kufika Tanga.

Kuandikishwa

Sheria ya wakati ule iliwagawa vibarua makundi mawili. Wa kwanza alijiendea mwenyewe, akapewa kipande chenye nafasi 30 za siku za kazi. Kila siku aliyomaliza kazi yake iliwekwa alama, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa, hata kama ilimchukua zaidi ya mwezi. Wa pili ndiye manamba: aliyeandikishwa nyumbani, akapimwa afya, akapelekwa mbele ya ofisa wa serikali, akasomewa mkataba na kuweka dole gumba. Katika lugha ya sheria ya Kiingereza aliitwa kwa neno la kizamani lenye asili ya Kilatini ya shahidi, kwa kuwa ofisa alishuhudia kwamba mtu huyu ameelewa na kukubali.

Ushahidi huo ulikuwa na sura mbili. Ulimkinga kibarua dhidi ya mwandikishaji mwongo, kwani mshahara, muda na posho viliandikwa. Lakini pia ulimfunga. Aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa mkosaji wa jinai, akaweza kutozwa faini au kufungwa. Mwajiri aliyevunja ahadi alikuwa na wakili. Manamba alikuwa na dole gumba.

Kutoka Kasulu hadi stesheni ya Kigoma ni karibu kilomita 100, na kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Zamani zilitembewa kwa miguu, baadaye kwa lori. Kisha behewa la daraja la tatu, kupitia Uvinza, Tabora, Dodoma. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa mpaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mruazi, hivyo waliokwenda Tanga walimalizia safari kwa lori.

Kambini, Mha alikuta watu wa makabila mengi, nyapara wa kumgawia kazi na karani wa kuandika. Kazi ya siku ilihesabiwa kwa mafungu ya majani. Aliyeshindwa kuyatimiza hakupata alama ya siku hiyo, jasho lake likapotea. Wenyeji walijifunza kumwona kama mtu wa chini: mchafu, mshamba, asiyejua Kiswahili vizuri. Manamba likawa tusi. Hiyo ndiyo dhuluma ninayoiona kubwa katika maisha ya neno hili. Mfumo uliompokonya mtu uwezo wa kujipatia fedha kwake ulimpa jina, kisha jina hilo likafanywa ushahidi kwamba yeye ni duni kwa asili.

Nao watu hawa hawakuwa duni. Kwa Waha jina la mtu mara nyingi ni sentensi kamili: linamtaja Imana, yaani Mungu, au linakumbuka msiba, shukrani, ugomvi wa majirani, mwaka wa njaa. Kumwita mtu wa desturi hiyo kwa tarakimu kulikuwa kumfutia hadithi nzima ya kuzaliwa kwake. Lakini ndani ya kambi walisaidiana, walizikana, walicheza ngoma zao, na waliwaandikia walioko nyumbani kupitia waliojua kuandika. Waliorudi Kasulu na Kibondo walirudi na nguo, mablanketi, baiskeli, mahari ya kuoa, na Kiswahili. Lugha hii ilifika vijiji vingi vya Buha midomoni mwa watu waliotoka mkongeni.

Vita na SILABU

Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na Java, zilizokuwa vyanzo vikubwa vya nyuzi za kamba. Ghafla kamba za meli na vifungio vya mazao vya mataifa yaliyopigana na Ujerumani na Japani vilitegemea mkonge wa Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilinunua mkonge wote kwa bei iliyopangwa, na nchini Tanganyika amri za wakati wa vita zikatumika kuwalazimisha watu kufanya kazi katika mashamba.

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunganisha nguvu na kuunda ofisi moja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Badala ya waandikishaji wengi kugombania vijana, sasa chombo kimoja kiliandikisha, kilisafirisha, kililisha njiani na kugawa watu kwa mashamba. Wapo walioona nafuu: safari ikawa na mpangilio, na wake na watoto wakasafirishwa pamoja na baba. Lakini waajiri wakishakaa meza moja, kibarua hawezi kumwacha mmoja mwenye mshahara mdogo akamfuata mwingine. Familia zilizohamia kambini nazo zilianza kusahau njia ya kurudi.

Vita vya Korea vilipandisha bei ya mkonge hadi kilele mwaka 1951. Watu wa Tanga waliuita mkonge dhahabu ya kijani. Dhahabu hiyo ilikatwa na mikono ya Buha, lakini haikujenga Buha.

Mwisho wa manamba

Miaka ya 1950 ilileta chama cha wafanyakazi wa mashambani, ambacho Victor Mkello alikuwa kiongozi wake mkuu. Migomo ilitikisa mashamba, mishahara ikapanda, na kibarua akaanza kuwa mfanyakazi mwenye sauti. Kupanda kwa mishahara kulikuwa na matokeo mawili: walioajiriwa walipata zaidi, na waajiri wakapunguza watu. Safari za kuandikisha vibarua kutoka mbali zikapoteza maana. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali mpya haikutaka kuona raia wakisafirishwa kama shehena, ingawa uhusiano wake na chama cha Mkello haukuwa mwepesi: mwanzoni mwa 1963 kiongozi huyo alipelekwa kwa amri Sumbawanga.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000, kiwango cha juu kabisa. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na uzalishaji ukaendelea kushuka. SILABU ikatoweka, na pamoja nayo cheo cha manamba. Nyumbani Buha, watu walihamishwa tena: Operesheni Kigoma ya 1972 iliwakusanya katika vijiji vya ujamaa, miaka thelathini na tisa tu baada ya hamahama ya malale.

Wengi hawakurudi. Korogwe, Muheza na kandokando ya mashamba ya zamani wako wajukuu wa Waha waliozaliwa Tanga, wanaozungumza Kiswahili cha Tanga na kujua Kasulu kwa jina tu.

Kurudisha majina

Historia hii ilianza kuandikwa kwa makini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Laurent Sago alifanya utafiti wake wa uzamili, uliokamilika 1974, kuhusu vibarua waliohama kutoka Kasulu kati ya 1928 na 1960. Kazi yake, pamoja na ya Kapepwa Tambila kuhusu Tanga na ya Walter Rodney, ilitoka katika kitabu kimoja mwaka 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kuuawa nchini mwake Guyana. Hoja yao ilikuwa kwamba Tanga na Kigoma ni historia moja: utajiri wa huku na ukata wa kule vilizaliwa siku moja.

Ushahidi mwingine umo katika ardhi yenyewe. Leo Kasulu na Kibondo zinatoa maharage, mahindi na muhogo unaolisha mikoa mingine. Manyovu kuna kahawa. Nchi hiyo hiyo imewapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, katika kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, na Nduta. Ardhi inayoweza kufanya hayo haikuwahi kuwa na sababu ya asili ya kuwapeleka vijana wake kilomita elfu moja kukatia watu wengine majani.

Kwa hiyo tukilikuta neno manamba katika kamusi, hadithi za wazee au utani wa makabila, tusilipokee kama sifa ya watu fulani. Ni jina la mpango uliokuwa na waandishi, sheria, bajeti na reli. Kumbukumbu za mashamba zina namba. Majina yamo katika koo za Heru, Muhambwe na Buyungu, na kwa wajukuu walioko Korogwe. Walimu wa historia wa Kasulu na Kibondo wanaweza kuwatuma wanafunzi wao wakawaulize wazee nani katika ukoo alikwenda mkongeni, aliondoka mwaka gani, alifanya kazi shamba lipi, na kama alirudi. Majibu hayo yaandikwe na kuhifadhiwa wilayani, kila mtu kwa jina lake kamili na kijiji alikotoka, ili atakayeisoma historia ya mkonge wa Tanzania awakute ndani yake wale walioukata.